Mchoro wa Kukosea

Wageni wa mtaa walipoelekezwa kwa Bi Mkaa, baadhi yao walikuja na magunia. Walisimama mlangoni, wakachungulia ndani, na badala ya marundo ya mkaa wa kupikia wakakuta nyuso za watu zimetundikwa ukuta mzima, zikiwatazama. Fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye watu walimwita Futikamba kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata siku ya mapumziko, hakuchoka kuwacheka.

"Mkaa upo," aliwaambia, "ila huu wa humu hauivishi chungu, unaivisha watu."

Bi Mkaa alikuwa mchoraji wa sura. Jina lake la nyumbani lilikuwa limesahaulika zamani, likafunikwa na weusi wa vidole vyake, weusi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Mkaa wake aliutengeneza mwenyewe. Alikata vijiti vyembamba vya mti laini, akavipanga ndani ya kopo la maziwa, akalifunga kwa waya na kutoboa tundu dogo kwenye kifuniko, kisha akalifukia katika moto wa jiko. Moshi wa tunduni ulipokoma, vijiti vilikuwa tayari. Vilikuwa vyepesi kama mifupa ya ndege, na vilivunjika ukivikosea adabu kidogo tu.

Wengi wa wateja wake waliletwa na msiba. Walitaka picha ya rangi ya baba, ya mke, ya mtoto, ikae ukutani sebuleni ili aliyeondoka asiondoke kabisa. Wengine walileta picha ndogo ya kitambulisho iliyofifia. Wengine hawakuwa na picha yoyote, walikuwa na maneno tu. Walisema marehemu alikuwa na uso mzuri, uso wa upole, uso wa mtu mwenye heshima zake. Maneno hayo ni matamu kusikia, lakini hayachoreki.

Ndiyo maana Bi Mkaa hakugusa rangi kabla ya kuchora kwa mkaa kwenye karatasi, wateja wakiwa wamekaa mbele yake. Mchoro huo wa awali aliuita mchoro wa kukosea. Alisema mtu hawezi kukueleza sura ya mwenziwe hata akimpenda vipi, lakini anaweza kuikataa. Kwa hiyo alikosea makusudi. Alichora pua pana kupita kiasi, akangoja. Mjane aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu alipoingia alinyanyua mkono haraka, akasema hapana, pua yake ilikuwa nyembamba, hapa juu ilikuwa na kinundu. Bi Mkaa alifuta pua, akachora nyembamba yenye kinundu, kisha akakosea midomo. Hivyo ndivyo alivyowatoa marehemu midomoni mwa wafiwa, kwa kukataliwa.

Mkono wake wa kulia ulishika mkaa, wa kushoto ulishika kipande cha fulana kuukuu. Chora, tazama, futa, chora. Karatasi ilikuwa ni ile ile moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mistari iliyofutwa haikuondoka kabisa. Ilibaki chini kama kivuli, ikamwonyesha mahali ambapo hapaswi kurudi. Mwisho wa yote, mteja alinyamaza. Ukimya huo Bi Mkaa aliujua. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyeitwa kwa sauti anayoifahamu. Hapo ndipo alipochukua kitambaa kizito kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, akaanza kazi ya rangi. Mchoro wa kukosea haukuwekwa. Ulitandikwa ndani ya viatu, ulipanguza meza, uliwasha jiko.

"Wewe na mimi kazi moja," Futikamba alipenda kumwambia. "Mimi napima mara mbili, nakata mara moja. Wewe unakosea mara mia, unapatia mara moja."

"Na suruali ya mwalimu mkuu?"

"Ile nilipima. Yeye ndiye aliyenenepa njiani."

Katika nyuso zote zilizopita mikononi mwake, uso mmoja haukuwahi kuchorwa, na huo ndio uliomnyima raha. Ulikuwa uso wa kaka yake.

Alipofariki kaka, Bi Mkaa alikuwa bado hajaanza shule. Kaka alikuwa kijana wa tanuri la matofali, kazi yake kuchochea moto. Jioni alirudi mweusi tii kwa masizi, na baada ya kula alimbeba mdogo wake mabegani wakatembea hadi mwisho wa njia na kurudi. Bi Mkaa aliukumbuka utosi wake kama aliouona jana: nywele zilizozunguka kama maji yanayoingia shimoni, na masikio mawili ambayo yeye aliyashika kama usukani. Uso hakuukumbuka. "Uso wake ulitazama mbele," alimweleza Futikamba siku moja, "na mimi nilikuwa juu."

Ukuta wa tanuri ulimwangukia. Wazazi hawakuweza kuishi tena jirani na moshi ule, wakahama mbali, na waliomjua kijana yule wakabaki huko walikobaki. Picha yake ilikuwa moja tu, kwenye fremu ya kioo. Mwaka mmoja paa lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu na picha ikagandia kioo. Baba alijaribu kuibandua kwa wembe, taratibu, amebana pumzi, lakini uso ulitoka vipande vipande kama ganda la jeraha. Baba naye alishatangulia. Bi Mkaa alikuwa na mdogo wa kike, lakini huyo alizaliwa baada ya msiba. Kwa hiyo uso wa kaka ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa mama.

Ungedhani Bi Mkaa angeukimbilia. Hakuukimbilia. Kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka misiba ya watu ilimtangulia. Sisi watoto tunadhani kumbukumbu ya mama ni kisima kisichokauka, kwamba hata tukichelewa tutakuta maji. Asubuhi moja mdogo wake, ambaye ndiye aliyekaa na mama, alimpigia simu. Alisema mama ameamka, amemtazama kwa muda, kisha amemuuliza kwa adabu kabisa, "Wewe, mwanangu, ni mtoto wa nani?"

Bi Mkaa alifunga karakana siku hiyo hiyo. Alibeba ubao wa kuchorea, karatasi, kopo la mkaa na kipande chake cha fulana, akaenda.

Walimweka mama kwenye kiti karibu na dirisha, kwa kuwa asubuhi ndipo alipokuwa na akili iliyotulia. Bi Mkaa alikaa mbele yake, ubao magotini. Alichora umbo la yai, akapitisha mstari wa macho, kisha, kama ilivyo desturi yake, akakosea. Alivuta kidevu kirefu mno.

Mama alikitazama. "Huyo mbuzi au mwanangu?"

Wote watatu walicheka. Bi Mkaa alifuta kidevu kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Mama alikuwa mkataaji hodari kuliko wateja wote aliowahi kuwakalisha. Alikataa nyusi, akakataa mashavu, akasema hayo ni mashavu ya mtu aliyeshiba na mwanangu hakuwahi kushiba. Bi Mkaa alipojichungulia kwenye kioo na kuanza kuchora macho yake mwenyewe, mama alimwambia aache uvivu, kwa sababu yeye ni wa baba yake mtupu, na kaka yake hakufanana naye hata kucha. Katikati ya kukataa alisimulia, na masimulizi yake yalirudi kila mara kwenye masizi.

"Nilikuwa namzuia pale pale mlangoni," alisema. "Haingii mtu kwangu na masizi. Nachukua kitambaa cha maji, namfuta. Analalamika kama mtoto mchanga, na ndevu zimeshaanza kuota."

Siku zilikwenda hivyo. Uso ulianza kujikusanya karatasini, si uso bado, lakini ulikuwa na mahali pake. Bi Mkaa alilala akiuona na kuamka akiutafuta.

Kisha mdogo wake alimwita jikoni, akarudisha mlango nyuma yao. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuvumilia mengi, na alianza kwa kumwomba radhi dada yake. "Dada, kazi yako siijui," alisema. "Lakini siku ile ya kwanza ulimchorea mama kidevu kirefu, akakikataa. Jioni nimekaa naye, ananiambia kaka alikuwa na kidevu kirefu. Jana ulimchorea macho ya kusinzia, akakataa. Usiku wote kaka ana macho ya kusinzia. Unamjaza sura za watu, dada. Unazitoa karatasini, lakini kwake hazitoki."

Bi Mkaa alielewa mara moja, kwa sababu lilikuwa jambo la kazi yake. Mbinu yake ilifaa kwa watu ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimesimama imara. Uliwarushia kosa, likagonga, likaanguka. Mama hakuwa na ukuta huo tena. Kila kosa lililomfikia lilinata, na kila lililonata lilifunika kitu cha zamani. Kumbe kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akimzika kaka chini ya watu wasiokuwepo.

Angepaswa kuacha. Alilijua hilo. Lakini kuacha kulikuwa na maana ya kuupoteza uso ule milele, na kuendelea kulikuwa na maana ya kuuchafua. Mfa maji haachi kutapatapa. Alimwambia mdogo wake kwamba hatakosea tena makusudi, na kwamba lazima aharakishe kabla sura hazijachanganyika zote.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa kimya. Mwanga ulikuwa mzuri, unaingia kwa upande. Bi Mkaa alishusha ncha ya nyusi ya kushoto kidogo, akafuta, akaishusha tena. Alitia giza pembeni ya mdomo. Alikuwa ameinamia karatasi karibu sana, jinsi mtu anavyoinamia kidonda anapotafuta mwiba, kwa hiyo alichoona ni nyusi na mdomo, hakuona uso. Kwa pembe ya jicho lake aliona mkono wa mama ukinyanyuka.

Kwa miaka yote ya kazi yake, mkono ulionyanyuka ulikuwa na maana moja tu. Mteja anakataa. Mkono wa kushoto wa Bi Mkaa ulijua hivyo bila kuambiwa, na haukungoja kuambiwa. Ulipita juu ya karatasi na kile kipande cha fulana, kutoka paji la uso hadi kidevuni, mpanguso mmoja mwepesi wa fundi aliyezoea.

Mkono wa mama haukuwa umenyanyuka kukataa. Ulikuwa umenyooshwa kugusa. Vidole vyake vilibaki hewani, mbele ya karatasi iliyokuwa sasa na wingu jeusi.

"Mbona umemwondoa?" mama aliuliza. "Si alikuwa hapo?"

Bi Mkaa aliushika mkaa, ukavunjika. Akashika mwingine. Alijaribu kurudisha ile nyusi, ule mdomo, lakini mistari ilitoka ya mtu mwingine. Mama alitikisa kichwa. Akachora tena. Mama alisema huyo siye, huyo ni mwingine, mrudishe yule. Akachora tena juu ya karatasi mpya, kisha mpya nyingine, akimsihi mama atazame, mama tazama vizuri, ni hivi, au ni hivi? Mwisho mama alichoka. Aligeuza uso, akaangalia nje, na alipouliza swali lililofuata, lilihusu nguo zilizoanikwa.

Mdogo wake ndiye aliyemwondolea ubao magotini.

Bi Mkaa aliporudi mtaani hakufungua karakana yake. Aliingia kwa Futikamba, akakaa juu ya furushi la vitambaa, akasimulia yote bila kulia. Futikamba alisimamisha cherehani kusikiliza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Ungempiga picha, jirani," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini. "Kila hatua, unapiga picha kwa simu. Hukuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo mfukoni."

Bi Mkaa alisema kwamba mchoro wa kukosea hauwekwi, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya siku zote, wala haikumpitia akilini kuupiga picha, kama vile yeye Futikamba asivyopiga picha chaki anayochorea kitambaa. Fundi alikubali kwamba ni kweli. Kisha, kwa sababu hakuweza kuuvumilia ukimya, alitafuta mzaha.

"Basi nichore mimi umpelekee," alisema. "Uso wangu huu hauna mwenyewe. Kila mama akiniona anadhani ni wake."

Alikuwa akitania. Bi Mkaa alichukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akamchora kweli, pua yake pana, masikio yaliyosimama, hata futi shingoni. Futikamba alijuta papo hapo, lakini maneno yakishatoka hayarudi.

Asubuhi alirudi kwa mama, akamwonyesha mchoro ule. Mama alitabasamu. "Ndiye," alisema. "Ndiye mwanangu."

Bi Mkaa alimwonyesha mwingine aliouchora usiku ule, mchoro wa muuza viatu mzee mwenye upara. Mama akasema ndiye. Akamwonyesha mchoro wa mwanamke, bibi harusi mwenye hereni. Mama aliutazama kwa upendo ule ule, akaupapasa ukingo wa karatasi, akasema ndiye. Aliyekuwa akikataa kwa ukali mashavu ya walioshiba sasa aliwapokea wote. Hakuna mlango ulio mgumu kupita kama mlango usio na mlinzi, maana hujui tena nani mwenyeji. Bi Mkaa alikusanya karatasi zake, akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akiwa ameuma kiganja ili mdogo wake asimsikie.

Kitu kimoja kilibaki, ile karatasi iliyofutwa. Hakuitupa. Aliibandika ubaoni kwenye karakana, akafunga dirisha moja na kuacha jingine wazi, ili mwanga upite juu yake kwa ulalo. Mahali mkaa ulipokandamiza sana, karatasi ilikuwa imeshika alama. Akiinama hivi aliipata nyusi ya kushoto. Akiinama vile aliipata pembe ya mdomo, na sikio moja. Mengine yote yalikuwa wingu. Alijaribu kunakili alama hizo kwenye karatasi nyingine na kujazia zilizokosekana, lakini kila alipofika kwenye pua, mkono ulimletea pua ya baba wa jirani. Kwenye macho ulimletea macho ya binti wa mwenye duka. Mkono uliowachora marehemu wa mtaa mzima ulikuwa na viungo vya kila mtu, isipokuwa vya kaka yake.

Wateja walikuja wakakuta mlango umefungwa, au uko wazi na mwenyewe haitikii. Futikamba aliwapokea, akawaambia mwenye karakana anaumwa. Hakuwa mbali na ukweli.

Mama naye aliacha kukaa kwenye kiti. Alilala sasa, asubuhi na jioni, na maneno yalimtoka machache, halafu yakakoma. Mdogo mtu alipiga simu, akasema, "Dada, njoo. Lakini tafadhali njoo mikono mitupu. Muache apumzike."

Bi Mkaa alikubali. Alifunga mlango, akatembea hadi kona, akarudi. Hakuweza kuiacha ile karatasi peke yake karakanani. Aliibeba ikiwa bado ubaoni, akaifunika na shuka.

Mdogo wake alipouona ubao, machozi yalimlengalenga. Bi Mkaa aliuegemeza ukutani, miguuni mwa kitanda, akakaa kumshika mama mkono. Walikaa hivyo asubuhi yote. Shuka lilikuwa limewekwa vibaya, na upepo wa dirishani uliliteremsha taratibu, likaanguka sakafuni. Hakuna aliyejali kuliokota.

Mama alifumbua macho. Yalizunguka chumbani, yakapita juu ya binti zake, yakafika kwenye ubao, yakatulia. Paji lake la uso lilikunjamana kama la mtu aliyekasirishwa na jambo dogo la nyumbani.

"Mbona hajanawa?" alisema.

Binti zake walitazamana.

"Namwambia kila siku. Haingii mtu kwangu hivyo." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya mwenye nyumba. "Leteni maji."

Hapo Bi Mkaa alielewa. Wingu lile la mkaa, ambalo yeye alilitazama kama kaburi, kwa mama lilikuwa masizi. Mama hakuona uso uliofutwa. Aliona mwanawe amesimama mlangoni, ametoka tanurini, mweusi, nyusi moja ikionekana, na pembe ya mdomo inayotaka kulalamika.

Mdogo wake alinong'ona kwamba kitambaa cha maji kikiigusa karatasi hiyo, basi. Bi Mkaa alilijua hilo kuliko yeye. Nyusi, mdomo na sikio vilikuwa ndani ya mkaa ule ule, na ndivyo pekee alivyokuwa navyo duniani. Angeweza kuuondoa ubao. Angeweza kusema mama, ameshanawa, na mama angelala tena. Alisimama katikati ya chumba akishindwa kwenda mbele wala nyuma.

"Atasimama hapo mpaka lini?" mama aliuliza. "Ana njaa huyo."

Bi Mkaa alikwenda kuleta maji mwenyewe. Alilowesha kile kipande cha fulana kilichokuwa mfukoni mwake, akakikamua, akakiweka mkononi mwa mama. Kisha akapiga magoti kitandani, akaushikilia ubao kwa mikono miwili, karibu, ili mama asipate taabu ya kujinyoosha.

Mama alimfuta mwanawe. Alianza juu, kwenye mpaka wa nywele, akapita kwenye paji la uso kwa upana, mpaka pembeni, akateremka. Kwenye macho hakufuta, alibonyeza kwa dole gumba, ndani, mahali masizi yanapojificha. Alishuka kando ya pua, upande huu na upande huu. Alizunguka nyuma ya sikio, akachelewa hapo. Mwisho alipitisha kitambaa chini ya kidevu kwa kukiinua kidogo, jinsi unavyomwambia mtoto atazame juu. Hakusita mahali popote. Mkono ule haukuwa umesahau kitu. Sura zote zilizomwagwa kichwani mwake hazikuwa zimeufikia mkono.

Bi Mkaa aliona. Macho yake ya kazi yaliona upana wa paji, kina cha macho, umbali wa sikio kutoka shavuni, yote yakichorwa mbele yake kwa maji. Lakini mikono yake miwili ilikuwa imeshika ubao, na hakuthubutu kuuachia. Karatasi ilivimba, ikakunjika, ikachanika. Mama aliendelea kufuta juu ya mbao tupu hadi aliporidhika.

"Haya," alisema. "Ingia ule."

Alilala ubavu, kitambaa kikiwa bado mkononi. Hakusema neno jingine, na siku chache baadaye walimzika.

Bi Mkaa alifungua karakana tena, kwa kuwa watu hawakuacha kufiwa. Kuna jambo moja lililobadilika katika kazi yake, na wateja wa zamani waliligundua. Kipande cha fulana hakikuwa tena mkononi. Kilikaa mezani, mbali kidogo, kiasi kwamba ilimbidi ainuke kukichukua. Mteja akinyanyua mkono, Bi Mkaa aliuachia mkaa, akauliza kwanza.

Lakini kabla ya kufungua, asubuhi mtaa ukiwa bado unafagia, alifanya kazi nyingine. Alichukua karatasi, akaisugua yote kwa ubapa wa mkaa mpaka ikawa nyeusi tii, pasipo tundu. Kisha akafumba macho, akachukua fulana, akaupitisha mkono kama ulivyopita mkono wa mama. Juu, kwa upana. Dole gumba, ndani. Kando ya pua. Nyuma ya sikio, na kuchelewa hapo. Chini ya kidevu, na kuinua. Alipofumbua macho, kulikuwa na uso uliotoka gizani, mweupe mahali mkono ulipogusa, kijana mwenye paji pana na kidevu kilichoinuliwa kidogo. Kila asubuhi alirudia, na kila asubuhi aliyetoka alikaribiana na wa jana. Hilo lilimpa matumaini, na hilo hilo lilimtesa. Mkono unaweza kukariri ukweli, na unaweza kukariri kosa, nao hukariri vyote kwa uaminifu ule ule.

Alimwita mdogo wake aje aone. Mdogo mtu alitazama kwa makini, akijitahidi, kisha akasema kwa huzuni, "Dada, mimi simjui." Alimwita Futikamba. Futikamba aliinamisha kichwa upande mmoja, akasema ni kijana mzuri, na kwamba shati lake angelipima mabega mapana. Kila mmoja alimtazama kwa wema. Hakuna aliyesema pua yake haikuwa hivyo. Hakuna aliyesema huyo mbuzi.

Kitambaa cha kuchorea kwa rangi kilikuwa tayari kimewambwa kwenye fremu, kimeegemea ukuta tangu siku aliyopigiwa simu, kinasubiri. Bi Mkaa aliubandika mchoro wa asubuhi ile kando yake. Hakukaa kwenye kigoda chake cha kazi. Alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama, akangoja mkono wowote unyanyuke kukataa.